Injini Inapogonga Kati ya Masasi na Newala: Ifunguliwe, Ifunikwe au Itafutwe?

Magari mengi yanayofanya kazi kati ya Masasi na Newala yameshakula chumvi nyingi. Kuna Hiace za abiria zenye injini ya 3L au 5L, Land Cruiser za hospitali, misheni na halmashauri zenye 1HZ, Fuso zinazosomba korosho kutoka maghala ya vijijini, Probox zilizotoka Japani zikiwa tayari za mtumba, na Land Rover chache ambazo wenyewe wamekataa kuziuza. Siku moja gari la namna hiyo linaanza kutoa mlio ambao jana haukuwepo. Mwenye gari analipeleka gereji, na kabla jua halijatua ana majibu manne. Fundi wa kwanza amesema injini imenoki, konrodi beringi imekwisha, ishushwe ifunguliwe. Wa pili amesema aweke oili nzito na chupa ya dawa, mlio utakwisha. Wa tatu anamjua mtu Dar es Salaam mwenye injini nzima ya mtumba. Wa nne anataka gari lipelekwe penye kompyuta.

Wote wanne wamesikiliza mlio mmoja, na wala hawasemi uongo. Kila mmoja anatoa jibu ambalo liliwahi kufaulu mikononi mwake. Tatizo ni kwamba gharama za majibu hayo zinatofautiana mno, na anayelipa hana namna ya kujua lipi linahusu gari lake. Uchambuzi huu unapima majibu hayo, pamoja na njia ya tano ambayo haipewi nafasi kwa sababu haina anayeilipia.

Mazingira yanayoifanya kelele iwe jambo zito

Masasi iko chini, kati ya milima ya mawe iliyosimama mmojammoja. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma. Kati ya miji hiyo kuna takriban kilomita 70 na mpando unaoitaka injini itoe nguvu yake yote. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210 kwa jumla, imekuwa ikiwekewa lami kwa vipande: Mtwara–Mnivata, kilomita 50, ilitangulia, kisha zikafuata kilomita 160 za Mnivata–Newala–Masasi. Kwa hiyo magari yanayogonga leo yametumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye vumbi. Udongo wa uwandani ni mwekundu na wenye mchanga. Vumbi lake ni laini, linapenya kila ufa, na ndani ya silinda linasaga ringi na kuta taratibu bila kupiga kelele mpaka kazi iwe imekwisha.

Maji nayo yana sehemu yake. Mvua ya uwandani huzama haraka mchangani, mito hakuna, na kwa miongo mingi Newala na Tandahimba zimetegemea maji yanayosukumwa kutoka bondeni na mradi wa Makonde wenye chanzo chake Mitema. Mahali ambapo maji ya kunywa ni ya kuhesabu, rejeta hujazwa chochote kilichopatikana, na maji maalumu ya kuzuia kutu huonekana anasa. Matokeo yake ni pampu ya maji inayolegea beringi na injini inayochemsha katikati ya mpando.

Kuna pia mafuta. Tangu mwaka 2010 mafuta yamekuwa yakiwekwa vinasaba ili kudhibiti uchanganyaji wa mafuta ya taa, lakini kinasaba hakizuii maji na uchafu kuingia kwenye dizeli inayouzwa kwa madumu vijijini. Dizeli ya aina hiyo hulainisha pampu na nozeli vibaya, na nozeli mbovu hugonga kwa sauti inayoweza kumdanganya hata fundi mzoefu.

Halafu kuna umbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, njia ya kwenda Dar es Salaam ilivuka Rufiji kwa kivuko, na masika kusini ilikuwa kama imefungiwa mlango. Reli ya Mtwara–Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilikuwa imeshang'olewa mapema miaka ya 1960. Eneo hili lilibaki na lori na fundi wake. Ustadi wa kuponya gari kwa kilichopo ulizaliwa hapo, na ni ustadi wa kuheshimiwa. Ila uliacha pia mazoea ya kurekebisha kwanza na kuuliza baadaye, maana spea ikishasafiri zaidi ya kilomita 500 lazima ifungwe mahali fulani.

Mlio unaweza kutoka wapi

Watu wakisema "injini inagonga" hutaja mambo mengi ambayo gharama zake hazikaribiani. Mgawanyo wa kwanza ni rahisi na hauhitaji spana hata moja: je, mlio upo gari likiwa limesimama na gia haimo? Kama unasikika gari likitembea tu, na hausikiki ukikanyaga mafuta ukiwa umesimama, basi tafuta kwenye magurudumu, viungo vya propela shafti, difu au bomba la eksozi linalogusa chasisi. Injini yenyewe ina haki ya kuachwa.

Mgawanyo wa pili ni klachi. Mlio unaoanza ukikanyaga pedali unaelekeza kwenye rilizi beringi. Unaopotea ukikanyaga unaelekeza kwenye shafti ya kuingilia giaboksi. Hapo pia injini haina kosa.

Mlio ukibaki kwenye injini, kasi yake inasema mengi. Katika injini ya mipigo minne, kamshafti huzunguka mara moja wakati kranki imezunguka mara mbili. Gari likiwa sailensa kwa mizunguko 700 kwa dakika, kitu kinachofuata kranki hugonga karibu mara 12 kwa sekunde, na kitu kinachofuata kamshafti, kama tapeti moja iliyolegea, hugonga karibu mara 6. Sikio lililotulia linaitambua tofauti hiyo. Si kipimo cha kukata shauri, kwa sababu konrodi iliyolegea mara nyingi hugonga kwa nguvu zaidi kwenye mpigo wa kuwaka peke yake, na nozeli nayo hunyunyiza mara moja kwa mizunguko miwili. Lakini kinapunguza orodha.

Joto linapunguza zaidi. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hutulia kadiri inavyotanuka. Manifodi ya eksozi inayovuja kwenye gasketi hufanya vivyo hivyo: inatikatika kama tapeti, chuma kikipata moto ufa unajibana na mlio unakwisha. Ukiangalia pale gasketi inapokaa utaona alama nyeusi ya masizi. Konrodi beringi ni kinyume chake. Asubuhi oili ni nzito na inaficha nafasi iliyozidi. Baada ya mpando oili imekuwa nyepesi na mlio unatoka wazi, hasa unapoachia mafuta ghafla. Meni beringi hutoa sauti nzito ya chini, inayosikika injini inapobeba mzigo, na karibu kila mara huambatana na presha ndogo ya oili.

Mpando wa kwenda Newala, kwa hiyo, ni kipimo cha bure. Dereva makini anaweza kumwambia fundi kama mlio ulikua wakati wa kupanda na mzigo au wakati wa kushuka injini ikishikilia gari, kama ulikuwepo kwenye baridi ya alfajiri au baada ya gari kupata moto. Taarifa hizo zina thamani kuliko spea ya kwanza itakayonunuliwa, na ni nadra kuulizwa.

Kundi la kuogopwa zaidi ni la vitu vya nje vinavyoiga ugonjwa wa ndani. Puli ya kranki ambayo mpira wake umechoka hugonga kama meni beringi. Bolti za flaiwili zikilegea, fundi ataapa kwamba ni konrodi. Kwenye injini za 2L, 3L na 5L, pampu ya vakyumu ya breki iko nyuma ya altaneta, na ikichakaa inagonga kwa mdundo unaofanana kabisa na ubovu wa ndani. Mauntini ya injini iliyokatika hupiga kishindo unapowasha, unapozima na unapobadili gia. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji injini kushushwa, na kila kimoja kimewahi kuua injini nzima kwa kusingiziwa.

"Fungua uone"

Hoja ya fundi wa kwanza ina uzito wake. Macho hayadanganyiki. Hedi ikitoka na sampu ikishuka, beringi iliyoliwa itaonekana na kupimwa, na ubishi utakwisha. Kwa injini za chuma kizito kama za Fuso na 1HZ, zilizotengenezwa zifunguliwe na kufungwa tena, ovahoo nzuri inaweza kurudisha miaka mingi ya kazi. Ikiwa mlio ni wa konrodi kweli, kuchelewa kwa siku chache kunaweza kugeuza kazi ya kubadili beringi kuwa kazi ya kununua kranki, na konrodi ikikatika hutoboa bloku. Hapo hakuna cha kuponya tena.

Udhaifu wake ni kwamba kufungua kuna gharama hata pale kisipopatikana kitu. Gasketi zote zinakuwa mpya. Bolti nyingine za hedi zilitengenezwa zivutike mara moja tu. Ringi zilizozoea ukuta wake zikihamishwa hupoteza mkao. Injini iliyofunguliwa chini ya mwembe, upepo wa mchana ukipita, inapokea vumbi lilelile lililoichakaza. Beringi zikiwa zimeliwa, kranki inahitaji kuchongwa hadi saizi ya 0.25 au 0.50, kazi inayotaka mashine sahihi na fundi anayejua kupima uduara, na mara nyingi inamaanisha safari nje ya wilaya. Ikishapita saizi ya mwisho, kranki hiyo imekwisha. Anayefungua kwa kubahatisha anatumia mtaji usiorudi.

Oili nzito na chupa ya dawa

Njia hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na si ujinga. Oili nzito hujaza nafasi iliyozidi kati ya kranki na beringi, hupandisha presha kidogo na kutuliza mlio. Kwa injini iliyochakaa kwa usawa, isiyo na kitu kilichovunjika, kutoka 15W-40 kwenda oili nzito zaidi kwenye joto la kusini kunaweza kuwa uamuzi wa busara wa kuisogeza hadi mwisho wa msimu wa korosho, wakati pesa ya ovahoo itakapopatikana. Mkulima au mfanyabiashara anayejua kwamba minada huanza Oktoba na malipo yanakuja baadaye ana sababu ya haki ya kununua muda.

Lakini njia hiyo inanunua muda kwa kuizima kengele. Asubuhi ya baridi, oili nzito huchelewa kufika juu kwenye kamshafti na tapeti, na hizo ndizo dakika injini inapochakaa zaidi. Kwenye Probox na IST zenye injini ya 1NZ, kikaza cha cheni ya taimingi hutegemea presha ya oili na vijia vyembamba, na mfumo wa valvu nao hivyohivyo. Humo oili nzito inaweza kuzalisha mlio mpya. Baya zaidi ni kwamba ikiwa mlio ulitoka kwenye pampu ya vakyumu au puli, dawa haigusi kitu, ila mwenye gari anadhani ametibu. Mlio ukirudi miezi miwili baadaye hakuna anayekumbuka ulikuwaje mwanzo.

Injini ya mtumba

Fundi wa tatu anauza uhakika wa haraka: siku mbili za kazi, gari linarudi barabarani. Kwa gari la abiria linaloleta pesa kila siku, siku mbili badala ya wiki tatu ni hoja ya kweli. Kuna injini ambazo hazistahili kufunguliwa tena, kwa sababu bloku imepasuka au kranki imemaliza saizi.

Ila umri wa injini hizo hautajwi. Tokyo na maeneo jirani yalipiga marufuku dizeli chafu za zamani kuanzia Oktoba 2003, na dizeli nyingi za Japani zikauzwa nje. Injini ya kizazi hicho inayouzwa leo kama "ya Japani" ina zaidi ya miaka 20. Imekaa ghalani, mihuri yake ya mpira imekauka, na historia yake ya oili haijulikani. Anayebadilisha kwa sababu ya mlio asioujua ametupa injini ambayo ubovu wake haukuthibitishwa na kuchukua nyingine ambayo uzima wake haukuthibitishwa. Bado kuna namba ya injini iliyomo kwenye kadi ya gari, inayopaswa kubadilishwa rasmi TRA, jambo linalokumbukwa siku ya kuuza au ya ukaguzi barabarani. Na ikiwa kilichoua ya kwanza ni paipu ya hewa iliyopasuka inayoingiza vumbi, injini mpya inafungwa kwenye paipu ileile.

Kompyuta

Hapa maneno ni machache. Kwenye 1HZ, 3L, Fuso ya zamani au Land Rover ya 300Tdi yenye pampu ya kawaida, hakuna kompyuta ya injini ya kuulizwa. Kwenye 1NZ au dizeli za D-4D kompyuta inasaidia kweli: inaonyesha silinda isiyowaka, nozeli inayorekebishwa kupita kiasi, valvu zisizofika mahali pake. Haisikii beringi. Kutoa pesa ili kusoma kompyuta ya gari lisilo na kompyuta ni jambo linalotokea, na linaumiza watu wasiostahili kuumizwa.

Kutafuta kwa kutenga

Njia ya tano haianzi na jibu. Inaondoa washukiwa mmojammoja, kuanzia wasio na gharama, hadi abaki mmoja au wawili.

Baada ya ile migawanyo ya kusimama, klachi na joto, hatua inayofuata ni kulegeza mkanda wa feni na kuwasha injini kwa dakika moja, si zaidi, kwa kuwa katika injini nyingi pampu ya maji nayo inasimama. Mlio ukitoweka, tatizo ni altaneta, pampu ya maji, feni au roda. Kila kimoja kinazungushwa kwa mkono na kutikiswa. Ukibaki, fundi anachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anatembea nayo kutoka kava ya valvu hadi sampu. Sauti husafiri kwenye chuma, kwa hiyo anayetaka ukweli hulinganisha: silinda ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, akitafuta pale inapokuwa kali kuliko jirani zake.

Kwa dizeli ya pampu ya kawaida kuna kipimo ambacho mafundi wazee wa Masasi na Newala wanakijua vizuri. Kwa spana namba 17, nati ya bomba la nozeli inalegezwa kidogo, silinda moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa. Silinda hiyo inaacha kuwaka. Mlio ukififia hapo hapo, umeshapata silinda; kilichobaki ni kujua kama ni nozeli au ni konrodi. Nozeli ya silinda hiyo ikihamishiwa nyingine, na mlio ukahama nayo, injini imesalimika na gharama imeshuka mara nyingi. Ukibaki palepale, sasa kuna sababu ya kushusha sampu.

Onyo la kipimo hiki ni la maisha. Kisifanywe kamwe kwenye dizeli za komonreli kama D-4D. Presha humo hupita bar 1,000, na uzi wa dizeli unaochomoka unapenya ngozi bila kuonyesha jeraha kubwa. Mkono unaweza kukatwa kwa sababu hiyo. Fundi aliyejifunza kwenye 3L na kuhamia kwenye Hilux mpya anahitaji kuambiwa hili waziwazi, na mwenye gari naye alijue.

Vipimo viwili vya mwisho ndivyo vingebadilisha hesabu ya eneo zima. Cha kwanza ni geji ya presha ya oili ya mkono, inayofungwa penye swichi ya taa ya oili. Watu wengi huamini kwamba taa isipowaka presha ni nzuri. Taa huwaka presha ikiwa imekaribia sifuri tu. Inaweza kukaa kimya huku beringi zinakufa. Kwa injini nyingi za Toyota za zamani, ikiwa moto, geji isome angalau bar 0.3 sailensa na karibu 2.5 au zaidi kwenye mizunguko 3,000. Ikisoma hivyo kwa uthabiti huku mlio ukiendelea, uwezekano wa beringi za kranki kuwa zimekwisha unapungua sana.

Cha pili ni oili filta ya zamani, ile inayotupwa. Ikatwe kopo lake kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno wa chuma, kwa sababu msumeno unaacha vyembe vyake na kuharibu ushahidi. Karatasi ya ndani itolewe, ikunjuliwe, ikamuliwe, na ianikwe juani. Vyembe vyenye rangi ya shaba vinatoka kwenye tabaka la ndani la beringi, maana yake la juu limeshaliwa. Vinavyong'aa vyeupe na visivyovutwa na sumaku ni alumini, mara nyingi ya pistoni. Vinavyorukia sumaku, na sumaku ya spika iliyokufa inatosha, ni chuma cha ringi, silinda au kamshafti. Karatasi safi ni habari njema ambayo hakuna fundi anayeweza kuitoa kwa sikio peke yake. Wakati huohuo kidole kipitishwe ndani ya paipu inayotoka ea klina kwenda injini. Kikitoka chekundu, chanzo cha uchakavu kimeshapatikana, na hakuna ovahoo itakayodumu kabla paipu hiyo haijazibwa.

Njia hii nayo ina mapungufu yake. Inahitaji utulivu, na gereji zilizo pembeni ya stendi hazina utulivu. Inachukua nusu siku au siku nzima. Kuna milio ambayo hujitokeza kwenye mpando na mzigo wa tani kadhaa tu, na haiwezi kutengwa gari likiwa limesimama. Na mara nyingine mwisho wake ni kuthibitisha kwamba fundi wa kwanza alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Anayetafuta hulipwa na nani

Hapa ndipo chanzo cha mkanganyiko kilipo. Fundi wetu hulipwa kwa kufunga kitu. Akitumia siku nzima kusikiliza, kulegeza mikanda na kukata filta, kisha akasema "ni puli ya kranki", mwenye gari atalipia puli na ufundi wa saa moja. Akisema "tushushe injini", amepata kazi ya wiki. Si lazima awe mwizi ili mfumo huo umvute upande mmoja. Mwenye gari naye anachangia, kwa sababu anaona kulipia utafutaji ni kulipia maneno. Anakubali kutoa mamilioni kwa ovahoo lakini anakataa kutoa ujira wa siku moja kwa mtu atakayemwambia kama ovahoo inahitajika.

Vyuo kama VETA vimeleta vijana wanaojua kupima, na karakana za misheni kama ya Ndanda zimelea mafundi waliozoea kutafuta kabla ya kufungua kwa sababu gari lilikuwa la taasisi na hesabu zilikaguliwa. Ujuzi upo. Bei yake haipo. Makubaliano ya wazi kabla spana haijaguswa, kwamba utafutaji una malipo yake hata kama gari litatengenezwa kwingine, yanamweka huru fundi kusema jambo dogo likiwa dogo. Vyama vya ushirika, AMCOS na halmashauri zenye magari kadhaa zingeweza kuanzisha utaratibu huo kwa urahisi kuliko mtu mmoja mwenye Hiace moja.

Uzito wa kila upande kwa gari lililopo mbele yako

Ukipima yote haya, hakuna jibu moja kwa kila gari, lakini kuna mpangilio. Taa ya oili ikiwaka, au mlio mzito ukianza ghafla na geji ikaonyesha presha imeshuka, mjadala umefungwa: zima hapo ulipo, hata kama ni katikati ya mpando, na gari livutwe. Kilomita 10 za "tusogee tu mpaka Newala" ndizo zinazotofautisha beringi na bloku. Filta ikiwa na shaba, fundi wa kwanza amethibitishwa na injini ifunguliwe, mradi iwe ndani ya chumba na kranki ipimwe kwa vifaa.

Mlio mwembamba wa mbele unaofanana na filimbi usisubiri, hasa kwenye 1HZ na 3L. Roda ya mkanda wa taimingi ikikwama, mkanda unakatika, na pistoni zinakutana na valvu. Mkanda huo katika injini nyingi za aina hiyo ulipangiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000; gari ambalo dashibodi yake haijulikani imesoma nini likabidhiwe mkanda mpya bila ubishi.

Hiace inayotikatika asubuhi na kunyamaza ikipata moto, presha nzuri na filta safi, ifanye kazi. Tapeti zipimwe kwa fila geji, manifodi ikaguliwe, na pesa iliyookolewa inunue ea klina mpya badala ya kuipuliza ile ya zamani kwa kompresa mpaka karatasi ipasuke. Fuso iliyochakaa kwa usawa, msimu ukiwa umeanza, inaweza kupewa oili nzito kwa makusudi na kwa muda, mwenyewe akijua anachofanya na presha ikipimwa kila wiki. Injini ya mtumba ibaki kwa bloku iliyopasuka au kranki iliyomaliza saizi, na ikifika ikatwe filta yake baada ya siku chache za kwanza.

Gari la wagonjwa haliingii kwenye hesabu ya msimu wala ya bei ya spea. Land Cruiser ya kituo cha afya yenye mlio usiojulikana chanzo chake isitumwe na mama mjamzito usiku kutoka uwandani kwenda hospitali ya Ndanda kwa matumaini kwamba itafika. Siku ya kulisimamisha na kulitafutia mlio wake ipangwe kazini, mchana, gari mbadala likiwa tayari, na fundi alipwe kwa kutafuta.